Kwa nini timu ilipopanda daraja wanachama tuliacha kulipa ada?

Mwanachama wa Ng'ambo

Assalaamu alaykum, ndugu zangu wanamichezo wa Unguja na Pemba. Nina suali nililolibeba kwa muda mrefu, na kila nikilitoa barazani kwetu hugeuka kuwa mabishano ya nani aliyekosa penalti. Nimeona niliandike hapa.

Mimi ni mwanachama wa klabu moja ya mtaani kwetu, upande wa Ng'ambo ya mji hapa Unguja, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Ada yetu ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Wakati timu ilipokuwa madaraja ya chini, ikicheza katika kiwanja chenye mchanga upande mmoja na mawe upande wa pili, wanachama walikuwa wakilipa. Wako waliochelewesha, na wako waliolipa kwa chokaa ya kuchorea mistari au kwa kuzichukua jezi wakazifua majumbani kwao, lakini daftari lilikuwa na majina. Baadaye akaja mfadhili, mtu mwema kwa hakika, akanunua seti mbili za jezi, akamlipa kocha na akatutolea gari ya kwendea mechi za shamba. Timu ikapanda daraja. Msimu huohuo, ambao kila mtu alitarajia uwe wa furaha, daftari la ada likabaki na majina tisa, na mkutano mkuu haukutimiza akidi hata tulipoitana mara ya pili.

Sikuelewa, kwa sababu siku zote nilidhani kwamba mtu huridhika na klabu yake inaposhinda na hununa inapofungwa. Nikawauliza wenzangu mmoja mmoja, tena kwa faragha, maana barazani kila mtu husema lile analotaka wengine walisikie. Nilipata majibu ambayo hayakuhusu mpira hata kidogo. Mmoja aliniambia kwamba hajui kocha analipwa kiasi gani wala nani aliyemwajiri. Mwengine, aliyewahi kuwa mlinda mlango wetu, alisema kuwa siku aliyokwenda kuangalia mazoezi, kijana asiyemjua alimtaka asogee mbali na mstari. Wa tatu alinijibu kwa mkato kwamba klabu sasa ina mwenyewe. Jibu hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike.

Hivi sasa mfadhili amepunguza mkono, kwa sababu zake ambazo sina haki ya kuzieleza, na timu imebaki na mipira mitatu. Kamati inataka kuwarudia wanachama. Kabla ya kufanya hivyo ningependa kujua kutoka kwenu, wa klabu za mjini na za shamba, za uraiani na za vikosi vya Serikali: mwanachama wa kwenu anaridhika na nini hasa, na yule aliyeacha kuridhika aliacha kwa sababu gani? Naomba tuyaweke kando magoli, na tusitaje majina ya watu.

Mkaazi wa Wete

Wa alaykumu ssalaam. Huku Pemba suali lako lina jambo la ziada, nalo ni bahari.

Wengi mtakumbuka misimu ambayo Ligi Kuu ilichezwa kwa kanda mbili, Unguja peke yake na Pemba peke yake, kisha timu za juu za kila upande zikakutana katika nane bora. Ligi ilipounganishwa tulifurahi, kwa kuwa tulitaka kucheza uwanja wa Amaan, huko Unguja, kila inapobidi, si kusubiri mwisho wa msimu. Lakini kila safari ya Unguja ni nauli za boti za wachezaji, kocha, daktari na mtunza vifaa, ni malazi na ni chakula, na kwa kuwa boti haikusubiri wewe umalize mchezo, dakika 90 hula siku tatu. Kwa hivyo mwanachama wa Pemba huombwa mchango mara nyingi kuliko mwenzake wa mjini, na ungedhani ndiye mwenye manung'uniko zaidi.

Kwetu haikuwa hivyo, na naamini sababu yake ni karatasi moja. Siku mbili kabla ya safari, orodha ya wasafiri hubandikwa kwenye mlango wa duka lililo karibu na kiwanja, na kila aliyetoa fedha huona imempeleka nani. Msimu mmoja orodha haikubandikwa, na baadaye tukasikia kwamba walisafiri watu watatu ambao si wachezaji wala si viongozi. Timu ilirudi na pointi nne katika michezo miwili. Hakuna aliyekwenda bandarini kuipokea.

Niongeze jambo moja. Kombe la Mapinduzi la Januari 2025 lilipochezwa hapa Pemba, uwanja wa Gombani, na timu ya Zanzibar ikaifunga Burkina Faso katika fainali, watu walimiminika kutoka kila pembe ya kisiwa. Furaha ile ilikuwa ya kweli kabisa. Baada ya sherehe, michezo ya kawaida ya timu zetu ikarudi kwa watazamaji wake wa kuhesabika, walewale ambao majina yao yamo katika madaftari. Mimi naona furaha ya kombe na kuridhika na klabu havitoki kisima kimoja.

Mkereketwa wa Vikosi

Kwa heshima zote, naona mnazungumza kana kwamba kadi ndiyo mpira.

Naishabikia timu ya kikosi tangu nikiwa skuli. JKU, KMKM, KVZ, Mafunzo na Zimamoto ni timu ambazo mchezaji wake anaamka akijua kuwa mwisho wa mwezi una kitu. Kijana mwenye kipaji akiajiriwa kikosini, mama yake ndiye aliyeridhika kuliko wanachama wote wa mtaa, ingawa hana kadi ya klabu yoyote. Kocha analipwa, vifaa vipo, gari ipo. Sisi mashabiki hatulipi ada, hatuitwi mkutanoni, wala hatumchagui mwenyekiti, na hilo halijawahi kunikosesha usingizi. Ukitaka kujua kama klabu ni nzuri, muulize anayeichezea.

Nakiri jambo moja tu. Jukwaani kwetu sauti ni chache. Timu inaweza kuwa inaongoza ligi, na bado ukiwa upande wa pili wa uwanja ukamsikia kocha akiwaita wachezaji wake kwa majina.

Mshika Fedha Mstaafu

Nimewasoma nyote kwa makini. Nilishika fedha za klabu ya uraiani hapa mjini kuanzia mwaka 1994 hadi 2003, kwa hivyo nitakuwa mrefu kidogo, na mtaniwia radhi.

Kijana wetu wa vikosi hakukosea, ila amejibu suali jengine. Yeye amezungumzia mwajiriwa na mshabiki, ilhali mwenye mada ameuliza kuhusu mwanachama. Klabu zetu hizi zimesajiliwa kwa Mrajis, yaani msajili, kwa katiba, na katiba hiyo, ukiitoa kabatini na kuipangusa vumbi, itakwambia kwamba chombo cha juu ni mkutano mkuu wa wanachama. Mshabiki ana haki ya kushangilia na ana haki ya kununa. Mwanachama ana haki ya kuuliza. Akinyimwa haki hiyo hashiki bango wala hapigi kelele. Hushuka taratibu akawa mshabiki, na mshabiki halipi ada, hulipa kiingilio, tena siku anayotaka mwenyewe. Huko ndiko walikokwenda watu wenu, ukiwatoa wale tisa.

Kuhusu ushindi, mimi ni mtu wa umri wa kuukumbuka vyema mwaka 1995, ambao klabu ya Malindi ya hapa mjini ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, na timu yetu ya Zanzibar ikachukua Kombe la Chalenji kule Uganda. Mji mzima ulikuwa hauna habari nyengine. Ada za klabu yetu ndogo, ambayo haikushinda kitu chochote mwaka ule, zililipwa kama kawaida, si zaidi wala si pungufu. Na isidhaniwe kwamba natetea unyonge wa timu za uraiani, kwa sababu Mlandege ni timu ya uraiani, nayo imelichukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023 mbele ya Singida Big Stars na mwaka 2024 mbele ya Simba. Kushinda tunaweza. Nasema tu kwamba katika miaka tisa ya kukusanya ada sikuwahi kuona jedwali la ligi likibadilisha mkusanyo wangu kwa kiasi cha kuzungumzwa.

Kilichoubadilisha nilikiona kwa bahati mbaya. Desturi yangu ilikuwa kila Ijumaa ya mwanzo wa mwezi, baada ya sala ya alasiri, kukaa barazani na daftari langu la kurasa 96 na kusoma. Nilisoma kila kitu: malipo ya waamuzi, barafu, bendeji, mafuta ya gari, chokaa, kamba za nyavu, na hata uzi wa kushonea mpira, maana wakati huo mpira uliopasuka ulishonwa, haukutupwa. Watu walisinzia. Nilijua wanasinzia na sikukereka, kwa kuwa mtu mwenye shaka na hesabu hawezi kusinzia mbele yake.

Mwezi mmoja zilipungua shilingi 6,000. Nilizitoa usiku kumpeleka hospitali mchezaji aliyevunjika mkono, kwa teksi na dawa, na katika harakati zile sikuchukua risiti. Nilipofika mstari huo, mzee mmoja mvuvi, ambaye mpaka anafariki hakuwahi kuielewa sheria ya kuotea, aliniuliza risiti iko wapi. Nilimueleza. Akasema maelezo ameyasikia, anauliza risiti. Wengine wakazinduka, wakaingia, na tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Nilihisi nimedhalilishwa mbele ya vijana, na usiku ule nilimwambia mke wangu kuwa najiuzulu. Mwezi uliofuata nilikusanya ada nyingi kuliko mwezi wowote wa mwaka ule, na wa kwanza kulipa alikuwa mzee yuleyule, akaniambia: "Chukua, sasa nimejua wewe unaulizika."

Kwa hivyo, ndugu yangu wa Ng'ambo, kamati isiwarudie wanachama kwa kuomba. Iwarudie kwa kusoma. Wasomeeni hesabu za miaka ya mfadhili, hata kama ni nusu, na hata kama mambo mengine aliyalipa kwa mkono wake na hayakuandikwa popote. Mahali pasipoandikwa, semeni kwamba hapa hapakuandikwa, kisha mnyamaze mpaka waliokuja kuuliza wamalize kuuliza.

Mama wa Netiboli

Namshukuru sana Mzee kwa maelezo yake, nami namuomba aniruhusu nimuulize: katika lile daftari la kurasa 96, netiboli ilikuwa ukurasa wa ngapi?

Siulizi kwa kejeli, Mzee wangu. Klabu yetu iko Mkoa wa Kaskazini Unguja, na cheti chake cha usajili kinasema ni klabu ya michezo, si klabu ya mpira wa miguu. Wanawake tulio wanachama tunalipa ada ileile wanayolipa wanaume. Kwa miaka mitatu mfululizo tuliomba nguzo mbili na pete mbili, vitu ambavyo fundi wa kuchomea wa kijijini petu angevimaliza kwa siku moja, na kila mwaka jibu likawa kwamba fedha zimekwenda kwenye usajili wa wachezaji wa mpira. Tulifanya mazoezi kwenye kiwanja cha skuli kwa hisani ya mwalimu, na msimu wa mitihani ulipofika tulirudi nyumbani. Hesabu zilikuwa zikisomwa vizuri sana. Tulisikia kila senti ilivyokwenda kwa wengine. Sasa mtu aliyesomewa namna hiyo, naye hana sauti pale fedha zinapogawiwa, ataridhika na nini?

Mambo yalibadilika walipochaguliwa wanawake wawili kuingia kamati, na hapo ndipo tulipogundua kuwa wanaume wa kamati hawakuwa na uadui nasi. Walikuwa tu hawajui. Hawakujua, kwa mfano, kwamba wasichana wanaacha wakifika umri wa miaka kumi na nne au kumi na tano, si kwa kuchoka, bali kwa sababu mazoezi yanakaribia mno magharibi, na mzazi hataki binti yake arudi na giza. Hawakujua kwamba kufanya mazoezi mbele ya baraza ya vijana wanaotoa maneno ni adhabu. Siku za Jumatano na Jumamosi kiwanja kikawa chetu kuanzia saa tisa na nusu, baraza ikaombwa kwa heshima ihamie upande wa pili, na kocha wetu, mama mtu mzima, akapita nyumba kwa nyumba kuzungumza na akina baba kuhusu vazi: suruali ndefu, sketi juu yake, na mtandio wa kufunga usiovuka. Hakuna baba aliyekataa baada ya kuombwa. Walichokuwa wakikikataa ni kutoombwa.

Pete zimepatikana pia. Moja tayari imepinda.

Mkereketwa wa Vikosi

Nakubali kwa Mzee kwamba nilijibu suali jengine. Lakini niongeze jambo ambalo nimeliona kwa upande wetu na ambalo linawahusu nyinyi wa uraiani. Wachezaji wetu wengi hawakuzaliwa kikosini. Wamelelewa na timu za mitaa katika madaraja ya vijana, yaani Juvenile, Junior na Central, wamelishwa na akina mama wa mtaa siku za mechi, na wakishaiva wanakuja kwetu. Mara nyengine huja na barua na mtaa wao ukapewa mipira au jezi kama shukurani, na mara nyengine huja usiku tu. Nimemuona mwanachama wa klabu ya mtaani akija Amaan kumshangilia kijana wake akiwa na jezi yetu, amekaa peke yake, hajui kama afurahi. Sidhani kwamba kijana yule alifanya kosa kutafuta ajira. Ila ile klabu iliyomlea ingelipata hata karatasi ya ahsante, mzee yule angekuwa na cha kuwaonesha wenzake.

Mwanachama wa Ng'ambo

Ahsanteni nyote. Jana nilikwenda kwa katibu kuiomba katiba. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kipenga na kitambaa cha nahodha. Inasema hesabu zisomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu. Tuliulizana na katibu lini zilisomwa mara ya mwisho, na sote wawili hatukukumbuka.

Maneno ya Mama wa Netiboli yamenitia haya, kwa sababu katika ule uchunguzi wangu wa faragha sikumuuliza hata mwanamke mmoja, na katika daftari la zamani wamo wanne. Nimewafuata. Wawili kati yao wameniambia kwamba walikuwa wakilipa ada kwa ajili ya watoto wao waliokuwa timu ya Juvenile, na waliacha pale watoto hao walipoondolewa bila ya kuelezwa chochote, nafasi zao wakapewa vijana walioletwa kutoka mitaa mengine ili timu ishinde haraka. Mmoja alisema mwanawe alikwenda mazoezini siku tatu zaidi, akidhani jina lake limesahauliwa. Hakuna mwanamme aliyenitajia jambo hilo, na mimi nilikuwepo msimu ule, nikishangilia.

Mkutano wa kwanza wa kusoma hesabu tumeuweka Ijumaa ya mwezi ujao. Nimebaki na suali moja kwa Mzee. Mfadhili bado anatusaidia kidogo, na ni jirani. Akisikia kwamba hesabu za wakati wake zinasomwa barazani, si ataona kama kwamba anashitakiwa?

Mshika Fedha Mstaafu

Ataona hivyo akisikia kwa watu. Nendeni kwake kabla ya Ijumaa hiyo, watu wawili, mmoja wenu awe wa rika lake, na msichukue karatasi mkononi. Mwambieni kuwa klabu inataka kumshukuru mbele ya wanachama, nayo haiwezi kushukuru kwa kiasi isichokijua. Ataanza kutaja mwenyewe, na nyinyi mtaandika mkirudi nyumbani. Akiwa tayari, aje akae barazani siku hiyo kama wengine, na aandikwe kwenye daftari kwa ada yake ya shilingi 1,000. Wale watoto wa Juvenile nao, pamoja na mama zao, waitwe kwa majina.

Bi mkubwa wa Kaskazini, sikukujibu kwa haraka kwa sababu nilitaka kwanza kutazama. Madaftari yangu bado ninayo, yote tisa. Ukurasa wa netiboli haukuwepo. Kuna mstari mmoja tu, wa mwaka 2001, unaosema "kitambaa cha sketi za wasichana, yadi nane", na mbele yake, pale panapoandikwa kiasi, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "isubiri".